Mwanasaikolojia ni Nani? Mchungaji na Watumishi Wenzake wa Nafsi ya Mwanadamu

Utangulizi

Mchungaji wa usharika katika Wilaya ya Rungwe, awe anahudumu kati ya migomba ya Masoko au kandokando ya mashamba ya chai ya Katumba, hupokea mlangoni pake watu wa kila namna. Yuko mjane asiyelala tangu mazishi ya mumewe. Yuko kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Yuko mzazi anayeuliza kwa nini mtoto wake hajui kusoma hata baada ya miaka minne shuleni, na yuko mwingine ambaye mtoto wake huanguka na kutokwa na povu. Hawa wote huja kwa mchungaji kwanza, kwa sababu wanamfahamu, yu karibu, na hatozi ada.

Siku hizi mchungaji huyo huambiwa: "Mpeleke kwa mwanasaikolojia." Neno hili limezoeleka redioni, shuleni na hata mimbarani, lakini maana yake haieleweki sawasawa. Wengine hudhani mwanasaikolojia ni daktari wa wendawazimu. Wengine humchanganya na mshauri nasaha aliyehudhuria semina ya majuma mawili. Wapo pia wanaodhani kwamba ni mpinzani wa imani, aliyekuja kuchukua kazi ya mchungaji.

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo kati ya mwanasaikolojia na jirani zake katika kazi, na tofauti iliyopo kati ya wanasaikolojia wenyewe. Hoja yetu ni kwamba mchungaji hahitaji kuwa mwanasaikolojia, bali hana budi kujua ni nani anayefanya kazi gani. Anayemtuma mgonjwa kwenye mlango usio wake humchelewesha, na kuna magonjwa ambayo kuchelewa kwake ni kifo.

1. Chimbuko la elimu hii

Kufikiri juu ya nafsi ni kazi ya kale. Wanafalsafa wa Kiyunani waliifanya, na mababa wa Kanisa waliifanya. Lakini saikolojia kama elimu inayojitegemea, yenye kupima na kujaribu, huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Jina la mji huo si geni kwetu Walutheri wa Tanzania, maana ndiko yalikokuwa makao ya misioni iliyotuma watu wake Kilimanjaro mwaka 1893. Tena Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika kwa Wachaga mwaka 1902 na kuandika sana juu ya ukoo, ujirani na rika, aliathiriwa na mawazo ya Wundt kuhusu saikolojia ya jamii za watu. Kwa hiyo elimu hii iligusa kazi ya Injili katika nchi yetu tangu mapema.

Katika maabara ya Wundt alifanya kazi pia daktari aliyeitwa Emil Kraepelin. Yeye aliendelea na udaktari wa magonjwa ya akili, akawa mmoja wa walioyapanga magonjwa hayo katika makundi yanayotambulika. Hapa tunaona tayari njia mbili zikiachana: mmoja anauliza jinsi akili ya mwanadamu inavyofanya kazi, na mwingine anauliza jinsi inavyougua na namna ya kuitibu.

Mwaka 1896 Lightner Witmer, aliyesoma kwa Wundt, alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mmoja wa watu wa kwanza kumhudumia alikuwa mvulana aliyeshindwa kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Mwaka huo huo wa 1896, huko Lutindi katika milima ya Usambara, ilianzishwa nyumba ya kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Kuanzia mwaka 1904 nyumba hiyo ilipokea wagonjwa wa akili, ikawa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika Mashariki. Hospitali ya Lutindi ipo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Hospitali ya serikali ya Mirembe, Dodoma, ilianzishwa baadaye, mwaka 1927. Ni vema tukumbuke utaratibu huo wa historia: katika nchi yetu Kanisa lilitangulia kumpokea mgonjwa wa akili.

2. Mwanasaikolojia na jirani zake

Njia rahisi ya kuwatofautisha watumishi hawa ni kutazama swali ambalo kila mmoja analiuliza anapokutana na mtu.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Amesoma udaktari kwa miaka mitano, akafanya kazi ya mafunzo hospitalini kwa mwaka mmoja, kisha akasomea ubingwa kwa miaka mitatu. Swali lake ni hili: "Mtu huyu anaugua ugonjwa gani, na atibiwe vipi?" Kwa kuwa ni daktari, anaweza kupima mwili, kuandika dawa na kumlaza mgonjwa. Skizofrenia, yaani ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushika mawazo yasiyo ya kweli, uko chini ya mamlaka yake. Kulazwa na kutibiwa kwa wagonjwa wa akili Tanzania Bara kunaongozwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008.

Daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu hushughulikia kiungo chenyewe: kupooza, uvimbe wa ubongo, kifafa. Hapa tunapaswa kukaa kidogo, kwa sababu kifafa kimewatesa watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini, na wengi wao wamepelekwa kwenye maombezi pasipo kupelekwa hospitali. Kifafa si wazimu wala si laana. Kina sababu nyingi, na mojawapo inayojulikana katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe ni mnyoo tegu. Mayai ya mnyoo huo hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, huingia katika maji au chakula cha mwingine, na viluwiluwi vyake hufika ubongoni. Hata mtu asiyekula nyama ya nguruwe anaweza kupatwa. Wagonjwa wengi wa kifafa hupata nafuu kwa dawa za bei ndogo kama fenobabitoni, mradi wazitumie kila siku bila kukatiza. Mabingwa wa ubongo ni wachache nchini, hivyo mara nyingi mgonjwa wa kifafa hupata dawa zake katika kliniki ya magonjwa ya akili. Jambo hili limewafanya watu wadhani kwamba kifafa ni wazimu, nalo ni kosa la kusahihishwa hata mimbarani.

Mwanasaikolojia si daktari wa tiba. Amesoma chuo kikuu elimu ya mwenendo, mawazo, hisia na makuzi ya mwanadamu, na akitaka kuwahudumia wagonjwa hana budi kuendelea hadi shahada ya uzamili au zaidi, pamoja na mazoezi chini ya msimamizi. Swali lake ni: "Mtu huyu anafikiri, anahisi na kutenda namna gani; amefikaje hapo; na anaweza kujifunza njia gani nyingine?" Vyombo vyake ni mazungumzo yenye utaratibu na vipimo vilivyoandaliwa kitaalamu. Haandiki dawa. Iko mifano michache ya tofauti, kama majimbo ya New Mexico na Louisiana huko Marekani, ambako wanasaikolojia waliopata mafunzo ya ziada waliruhusiwa kisheria kuandika dawa fulani. Lakini huo si utaratibu wetu.

Muuguzi wa afya ya akili ndiye ambaye mtu wa Rungwe ana uwezekano mkubwa wa kukutana naye kabla ya hao wote. Anamfahamu mgonjwa kwa miezi na miaka, anatoa sindano na vidonge, anafuatilia kama mgonjwa ameacha dawa. Mchungaji asimdharau kwa kuwa cheo chake kinaonekana kidogo.

Mshauri nasaha ana swali la karibu zaidi: "Una jambo gani mbele yako, na tutalipitaje?" Kazi hii ilienea sana nchini kwa sababu ya UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ilihitajika idadi kubwa ya watu wa kuwaandaa wengine kupima na kupokea majibu, na wengi walifundishwa kwa kozi fupi. Huduma yao iliokoa maisha. Lakini jina hilo moja linabeba watu wenye mafunzo ya siku kumi na watu wenye shahada ya uzamili, wala si kila mmoja wao anaweza kumhudumia mtu anayetaka kujiua.

Afisa ustawi wa jamii hauulizi moyo peke yake, bali nyumba, shamba na sheria: "Ni nini kinachomzunguka mtu huyu?" Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam imekuwa ikiwaandaa watumishi hao tangu miaka ya 1970. Mjane anayenyang'anywa migomba na shemeji zake anaweza kuonekana mgonjwa wa mawazo, kumbe anachohitaji kwanza ni haki yake. Kumfariji mtu huyo pasipo kumpeleka kwa afisa ustawi ni kumfariji nusu.

3. Tofauti kati ya wanasaikolojia wenyewe

Kama vile neno "mwalimu" halituambii kama mtu anafundisha chekechea au chuo kikuu, neno "mwanasaikolojia" halitoshi. Zipo tofauti za kazi, na zipo tofauti za mafundisho.

Kwa upande wa kazi, mwanasaikolojia wa tiba hushughulikia watu wenye maradhi ya nafsi, kama sonona, hofu iliyopita kiasi, au majeraha ya moyo baada ya ajali na ukatili. Mwanasaikolojia wa elimu hushughulikia kujifunza: kwa nini mtoto huyu hasomi, na afundishweje. Yeye ni mrithi wa Alfred Binet, aliyetunga mwaka 1905 huko Ufaransa kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Mwanasaikolojia wa makuzi huchunguza safari ya mwanadamu tangu uchanga hadi uzee. Mwanasaikolojia wa jamii huchunguza jinsi kundi linavyombadili mtu, na mwanasaikolojia wa kazi huchunguza watu katika viwanda na maofisi. Wengine wao hawahudumii mtu yeyote mmoja mmoja. Ni watafiti na walimu wa vyuo. Kumpeleka mgonjwa wa sonona kwa mtaalamu wa saikolojia ya viwanda ni sawa na kumpeleka mwenye jino bovu kwa daktari wa macho.

Kwa upande wa mafundisho, wanasaikolojia hawakubaliani wote juu ya chanzo cha taabu ya mwanadamu. Wanaofuata njia ya Sigmund Freud, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, hutafuta yaliyofichika ndani ya nafsi tangu utoto. Wanaofuata elimu ya mwenendo husema kwamba tabia hufundishwa na matokeo yake, na hivyo inaweza kufundishwa upya. Carl Rogers, aliyeanza kusoma theolojia katika seminari ya Union, New York, kabla ya kuingia katika saikolojia, alisisitiza kusikiliza kwa dhati na kumpokea mtu pasipo kumhukumu. Wanaofuata njia ya Aaron Beck, ambaye naye alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, humsaidia mtu kuyatambua mawazo yanayomwangusha na kuyapima kama ni ya kweli. Wengine hawamtibu mtu peke yake, bali huita familia nzima ikae pamoja; njia hii wazee wetu hawangeiona kuwa ngeni.

Mwanatheolojia anapaswa kuzisoma njia hizi kwa macho mawili. Nyuma ya baadhi yake kuna mafundisho juu ya mwanadamu ambayo hatuwezi kuyakubali, hasa pale dhambi inapogeuzwa kuwa hisia tu. Lakini chombo kinaweza kuwa kizuri hata kama aliyekibuni hakuamini. Oskar Pfister, mchungaji wa Zurich, aliandikiana na Freud kwa miaka mingi. Alitumia mengi aliyojifunza kwake, na hakumwachia imani yake.

4. Tutumie maarifa haya namna gani?

Tuchukue mifano mitatu ya kubuni, inayofanana na mambo ambayo kila mchungaji atakutana nayo.

Kijana wa miaka kumi na tisa ameacha kuoga, anacheka peke yake, na anasema majirani wanamwekea sumu katika chakula. Skizofrenia mara nyingi huanza katika umri huo. Lakini ikiwa hali hiyo imemjia ghafla pamoja na homa, huenda ni malaria iliyopanda kichwani, na saa chache zina thamani kubwa. Mlango wake wa kwanza ni hospitali. Kwa mtu wa Tukuyu mlango huo uko karibu, Makandana. Kwa wengine ni Igogwe au hospitali yetu ya Itete. Huko ataamuliwa kama anahitaji kupelekwa Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi. Mwanasaikolojia anaweza kumsaidia baadaye, yeye na wazazi wake, lakini si kwanza.

Mama aliyefiwa analia, hali vizuri, anaona ndoto za marehemu. Hii peke yake si maradhi. Desturi za Wanyakyusa zilijua kwamba huzuni isiyopewa njia ni hatari. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba Wanyakyusa walihusianisha kuacha taratibu za msiba na kupatwa na wazimu. Sisi hatuzifuati ibada za mizimu, lakini tunapofupisha msiba kwa haraka, na kumwambia mjane asilie kwa kuwa ni Mkristo, tumeondoa kitu pasipo kuweka kingine. Mama huyu anahitaji ibada, jamaa na muda. Lakini kama majuma yanapita naye hawezi kuinuka, hana hamu ya lolote, na anasema afadhali afe, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika kwa dawa, kwa tiba ya mazungumzo, au kwa vyote viwili. Mchungaji amwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humfungua. Akikiri, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wa darasa la nne hawezi kusoma. Kabla ya kumwita mvivu au kumwombea atolewe pepo wa ujinga, apimwe macho na masikio. Kisha mwalimu wa elimu maalumu, au mwanasaikolojia wa elimu pale anapopatikana, ndiye wa kumtazama.

Kwa kuwa wataalamu hao ni wachache, tusidhani kwamba asiyempata mwanasaikolojia amekosa kila kitu. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ambayo ndani yake akina bibi wa kawaida hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu waliofundishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Lakini tusisahau siri ya mafanikio yale: akina bibi wale walifundishwa, walisimamiwa, na walijua ni nani wa kumpeleka mbele. Vikundi vya wanawake katika sharika zetu vinaweza kujifunza hapo.

5. Nafasi ya mchungaji

Je, baada ya hao wote mchungaji amebaki na kazi gani? Amebaki na kazi yake. Anton Boisen, mchungaji wa Marekani ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alianza mwaka 1925 kuwafundisha wanafunzi wa theolojia ndani ya hospitali ya Worcester. Alitaka wajifunze kwa kukaa na wagonjwa, na si kwa vitabu peke yake. Kutoka hapo yalikua mafunzo ya uchungaji wa hospitali, ambayo kwetu hutolewa KCMC, Moshi. Boisen hakukusudia kuwageuza wachungaji wawe madaktari. Alitaka wawe wachungaji wanaoona vizuri.

Swali la mchungaji ni moja ambalo hakuna mwingine aliyetumwa kuliuliza: "Mtu huyu anasimamaje mbele za Mungu?" Mwanasaikolojia anaweza kumsaidia mtu kuachana na hatia ya uongo, lakini hana mamlaka ya kuondoa hatia ya kweli. Ondoleo la dhambi limekabidhiwa Kanisa. Kadhalika siri. Mtaalamu hutunza siri ya mgonjwa, lakini taaluma yake humruhusu, na pengine humlazimu, kusema pale uhai unapokuwa hatarini. Siri ya ungamo haifunguliwi. Kwa hiyo mchungaji anapomtuma mtu kwa mtaalamu, aombe ruhusa yake kwanza na wakubaliane ni nini kitakachosemwa.

Wapo wanaoogopa kwamba kumtuma mgonjwa hospitali ni kukosa imani. Tumtazame Eliya chini ya mretemu, alipoomba afe. Malaika hakuanza kwa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamrudia tena; swali la Mungu lilikuja baadaye, mlimani. Luther naye, alipomwandikia Jerome Weller mwaka 1530 katika huzuni yake nzito, alimhimiza akimbie upweke na kutafuta watu wa kukaa nao. Aliyejua vita vya rohoni kuliko wengi hakuona aibu kusema habari za chakula, usingizi na marafiki. Tunapoikiri sehemu ya kwanza ya Imani, tunakiri kwamba mwili na nafsi, macho na akili vimetoka kwa Mungu. Basi anayevihudumia kwa maarifa anafanya kazi ya Muumbaji, hata asipojua. Maombi hayazuii dawa, na mchungaji asithubutu kamwe kumwambia mgonjwa aache vidonge ili kuonyesha imani.

Hitimisho

Mtu akijitambulisha kwenu kuwa mwanasaikolojia, mwulizeni kwa adabu mambo manne: alisoma nini na wapi, anahudumia watu wa namna gani, nani anamsimamia, na afanyeje anapokutana na jambo lililo juu ya uwezo wake. Majirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2014 sheria ya kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia, ili mwananchi ajue anayemwendea ni nani. Popote pale, mtaalamu wa kweli hataudhika kwa maswali hayo, na anayeudhika tumwogope.

Aidha, kila ofisi ya usharika iwe na karatasi moja iliyoandikwa majina na namba za simu za hospitali ya karibu, muuguzi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii na mwalimu wa elimu maalumu. Mchungaji awatembelee watu hao kabla ya siku ya shida, wafahamiane kwa sura. Na akishamtuma mgonjwa, asimalize habari yake hapo: amfuate hospitalini, aulize habari za nauli na dawa, na atakaporudi amtengee nafasi yake kanisani kama alivyokuwa nayo kabla ya kuugua.